Mkate Unaotoka

Kila jioni, mvua ya Valdivia ikipiga mabati,
mama alimpa Baltasar sarafu na mfuko wa nguo,
akamtuma kwa mwoka mikate, kona ya pili.
Kila jioni alirudi na maraketa,
mkate wa ganda gumu wenye ufa katikati.
Tuliumega, tukaupaka parachichi,
tukasema: huyu mtoto anapenda maraketa.

Miaka minne.

Mimi, dada yake, ndiye niliyekuwa mdomo wake.
Neno likimkwama, nililimalizia,
kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.
Ndivyo nilivyojidanganya. Kumbe niliufunga
naye angali kizingitini.
Shangazi Eduvigis alinisifu. Yeye alikuwa na dawa yake:
"Vuta pumzi, mwanangu. Tulia. Anza upya."
Na Baltasar alianza upya, akaanza upya, akaanza,
hadi supu ikaganda mafuta mezani.

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangemwona ndugu yangu siku ya Jumatatu
mwalimu anapofungua daftari la majina,
naye anahesabu: bado wanne, bado watatu, bado
mmoja.
Tumbo lilimuuma kila Jumatatu.
Daktari alilibonyeza huku na huku,
akaandika dawa ya minyoo.

Jina lake mwenyewe lilikuwa ukuta.
Ile B ilimbana midomo, shingo ikatoka mishipa,
na watoto wa uani wakaidaka, wakaichezea:
ba, ba, ba, kama kondoo.
Kiangazi kile, kambini ziwani, alijiita Ivo.
Siku tano nzima alikuwa Ivo.
Alirudi na jina jepesi
na macho ya mtu aliyeuza kitu cha nyumbani kwao.

Ndipo mama akampeleka kwa Millaray,
mtaalamu wa usemi, chumba kilicho juu ya duka la nyavu,
simba-bahari wakiunguruma chini, sokoni, kando ya mto.
Tulitarajia mazoezi. Mama alitarajia muujiza.
Millaray akamimina chai, akamuuliza swali moja:
"Nyumbani mnakula nini?"
Kisha akanyamaza.

Nilihesabu. Sekunde kumi na moja.
Midomo yangu iliwasha kama ina upele.
Millaray akanitupia jicho, la upole, lakini jicho,
nami nikaumeza ule msaada wangu,
mchungu kweli.

Sekunde ya kumi na mbili:
"Mimi si— si— sipendi maraketa.
Napenda a— a—
a—
ayuya. Ila ile nyingine ndiyo inayotoka."

Ayuya! Mkate wa duara, laini, uliotobolewa kwa uma,
peso zile zile, rafu ile ile.
Mikate elfu moja na zaidi
tulimlisha mtoto neno, tukadhani mkate.

Mama alilia, kisha akauliza ataacha lini.
"Huenda asiache," Millaray alisema.
"Kinachomuuma si ulimi. Ni nyuso zenu akisema.
Mtazameni kama watu wenye muda."

Jumamosi nilimsindikiza, mikono mfukoni.
Mzee Hermógenes alisimama na koleo lake.
Nyuma yetu mwanamume alitazama saa, akaguna.
"A—" alisema Baltasar.
Mvua. Tanuri. Nzi mmoja juu ya kioo.
"A— a—"
Nilijua neno. Duka zima lilijua neno.
Niliuma shavu kwa ndani
hadi lilipofika lenyewe, kwa miguu yake.

Aliula nje, akiwa amesimama mvuani,
nusu nzima kabla hatujavuka barabara.
Hakunimegea.

Kigugumizi bado kipo, na Jumatatu nyingine
tumbo bado linamsokota.
Lakini juzi tuligombana juu ya baiskeli,
akanitukana, tusi zito, refu,
lililomchukua karibu nusu dakika.

Nililisubiri lote.